Mama Mdogo na Tundu la Hewa

Mtaani kwetu Charambe, Mbagala, kila mwanamume ni fundi wa injini ya mwenzake. Nilipoanza kufungua hedi ya pikipiki yangu ya Boxer uani, ili nijifunze kuchonga njia za hewa na moshi, washauri walijaa kabla sijafikia nati ya pili. Mmoja alikuja na kiti chake kabisa.

Dereva wangu alikuwa barazani, hana kazi. Siku zote mimi ndiye ninayemdai, safari hii kila jioni ananiuliza yeye: "Bosi, hesabu ya leo inakuwaje?"

Kazi yenyewe inataka mkono wa ubahili. Boxer 150 ina silinda moja, cc 144.8, na hewa yake yote hupita kwenye tundu moja lililotoka kalibuni na vinundu vyake. Unaondoa vinundu, unalainisha kona iliyo nyuma ya valvu, unalinganisha mdomo wa tundu na gasketi, basi. Ukilipanua kwa uroho, hewa inapoteza kasi, na pikipiki inakosa nguvu pale pale dereva anapoihitaji: kuondoka na mishkaki ya abiria wawili na ndoo ya samaki. Siti ya valvu nayo haiguswi. Drili ikiteleza hapo, unapanda daladala kwenda Gerezani kutafuta hedi nyingine.

Drili niliazima. Umeme ukawa unarudi usiku tu, saa ambazo mtoto wa mpangaji wa chumba cha pili ndiyo kwanza amelala. Nikahamia msasa wa mkono, nimeuzungushia kwenye kijiti cha mishkaki nilichopewa na muuza chipsi. Alitaka kujua kama nitamrudishia.

Shida ya watazamaji ni kwamba walitaka kuona mng'aro. Tundu la moshi niliwang'arishia, maana likiwa laini masizi hayapati pa kushika vizuri. Lakini tundu la kuingizia, kwa injini ya kabureta, mafundi wengi huliacha na ukwaruzo kidogo. Petroli inaingia ikiwa ukungu. Ukuta ukiwa kioo, matone hulala juu yake na kutambaa. Niliwaeleza. Yule mwenye kiti akawaambia wenzake kwamba msasa umeniishia.

Nilikwenda Kariakoo kununua gasketi mpya. Huku nyuma mama mdogo akaja kutoka Tandika kutusalimia, amebeba maandazi. Niliporudi nilikuta hedi imelazwa juu ya kanga safi, matundu yote mawili yanameremeta.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Uliacha moja. Nikasema, masikini, amechoka."

Alitumia stilwaya na Vim, kwa bidii ile ile anayoikomoa nayo sufuria ya pilau. Utamwambia nini mtu kama huyo? Nilisema ahsante, nikala andazi. Usiku, wote wamelala, nikachukua msasa namba 120 na tochi ya simu, nikaanza kulikwaruza upya tundu la hewa.

"Nani anaharibu kitu huko?" sauti ikatoka dirishani.

"Panya, mama mdogo."

Asubuhi nilisuuza hedi mpaka chenga zote za msasa zikaisha, maana zikibaki zitaila silinda. Nikasaga valvu kwa pesti, nikamimina petroli kwenye matundu kuona kama itapenya chini ya valvu. Haikupenya. Nikafunga. Dereva akatoka nayo Barabara ya Kilwa, akarudi usiku na hesabu kamili na taarifa fupi: inavuta, ila abiria wanasifia sauti. Sailensa sikuigusa hata kidogo, lakini sifa hairudishwi.

Alichokwenda kukieleza kijiweni sikijui. Siku iliyofuata alifika kijana na hedi ya TVS aliyoifunga kwenye gazeti. Nilinyoosha mikono niipokee. Akaipakata vizuri, akachungulia ndani ya nyumba.

"Samahani, kaka. Mama mdogo yupo?"