Sifa za Mkweche

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikipiki iliyokufa nyuma ya nyumba mjini Kisangani imeishinda methali hiyo: kujiuza haijiuzi, na kujitembeza haiwezi. Inasukumwa. Asubuhi katika njia za Mangobo au Kabondo si ajabu kumwona mtu mzima, shati limelowa jasho, anasukuma chuma kisicho na kiti, pine zimelala, majani yamechipua kwenye tope la madigadi, naye anatabasamu. Ameinunua. Majirani wanacheka, na kicheko chao ni cha watu wasiojua thamani.

Inzi alipata mtetezi: Lucian, mwandishi wa karne ya 2, alimtungia hotuba nzima ya sifa. Upumbavu nao ulisifiwa na Erasmus katika kitabu kilichotoka mwaka 1511, na hadi leo kinasomwa. Basi hakuna sababu ya mkweche kukosa wa kuusemea, hasa katika mji wenye haki ya kujiita makao makuu ya mitambo mibovu.

Haki hiyo ina historia. Mwaka 1890 baharia Mpolandi, Joseph Conrad, alikuja Kongo akiahidiwa meli ya mvuke iitwayo Florida, akaikuta imevunjika. Akapandishwa nyingine, Roi des Belges, akafika kwenye maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo, tarehe 1 Septemba. Riwaya yake ya Heart of Darkness ilianza kuchapishwa mwaka 1899, na ndani yake msimulizi anangoja miezi mizima apate ribiti za kuzibia meli iliyotobolewa, huku ribiti zimejaa makasha kule pwani. Wasomi wameandika mengi juu ya giza la kitabu hicho. Fundi yeyote wa Kisangani angewafupishia: piese, yaani vipuri, ziko mbali, na aliye nazo hana haraka.

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston naye aliwaleta waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji ambao sasa ni Ubundu, mwisho wa reli ya kilomita 125 inayoanzia Kisangani. Walikuja kupiga filamu ya The African Queen. Kwa macho ya mkweche, shujaa wa filamu ile ni mtambo wa mashua, ule unaopigwa teke kila unapoziba kwa sababu kuna bisibisi iliyodondokea ndani na hakuna aliyejisumbua kuitoa. Ekseli inapinda, panga la nyuma linavunjika. Vyote vinatengenezwa ufukweni kwa moto wa kuni. Bogart akapewa Oscar. Mtambo haukupewa kitu.

Mkweche wenyewe, tukiuchunguza nasaba, si mtoto wa kuokotwa. Ukoo wa kwanza ni wa Yamaha AG 100, pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima: injini ya mipigo miwili isiyofika sentimita za ujazo 100, kariya mbele na nyuma, vyuma vya kukinga injini, mnyororo uliofunikwa wote ili tope lisiuguse. Wamisionari waliipenda, wachanjaji wa watoto waliipenda, miradi ya misaada iliinunua kwa makundi. Mradi hufa kwa ripoti. Pikipiki hufa kwa pete za pistoni. Ripoti haifufuki.

Ukoo wa pili ni mkubwa zaidi. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, ilikuwa imeshajua kwamba katika nchi zenye barabara mbaya mwenye pikipiki hupakia kupita kiasi, husahau oili na humwona fundi pale tu chombo kinapokataa. Ikaacha mnyororo wa kuendesha kamshafti ya juu, ikarudi kwenye fimbo za kusukuma vali, teknolojia ya kizamani isiyodai adabu. Kwa maneno mengine, uzembe wa mwenye chombo ulihesabiwa tangu kwenye mchoro. Kisha viwanda vya China vikaiga injini ile bila kuona haya, kwa majina yasiyo na idadi, na hapo ndipo baraka ilipoingia Kisangani: mkweche ambao hata jina lake limefutika kwenye tangi unapata kabureta, klachi na silinda kutoka kwa binamu zake. Tajiri aliyeleta pikipiki ya kifahari kutoka Ulaya atangoja kifaa chake hadi achoke. Mkweche una ndugu kila soko.

Ndugu hao wanafika kwa njia mbili, na zote ni ndefu. Moja ni mto: kutoka Kinshasa ni kilomita zipatazo 1,700, na majahazi ya kusukumwa huchukua wiki kadhaa. Nyingine ni ya wafanyabiashara wa Butembo, wanaoagiza kutoka Asia na kuishusha mizigo kwa barabara ya taifa namba 4, kupitia Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende. Kifaa kilichopita njia hiyo kimekula tope na kodi za aina nyingi kabla ya kuning'inizwa kibandani. Ndiyo maana muuzaji anakipangusa kwa kitambaa kila asubuhi.

Sasa kazi yenyewe, maana sifa bila kazi ni majigambo. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, msitu umeizunguka, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Kutu hapa haialikwi, ni mwenyeji. Tangi la mkweche likifunuliwa linatoa unga mwekundu ambao kwa mbali mtu angedhani ni pilipili. Mjini Ulaya lingetupwa. Kisangani linatiwa changarawe safi au kipande cha mnyororo mkuukuu, maji ya ndimu yakimiminwa juu, kisha linatikiswa na watoto wa jirani, ambao wanafanya kwa hiari kitu ambacho wangekikataa kama kingeitwa kazi. Likishasuuzwa lazima likaushwe na kupakwa oili palepale, la sivyo kutu inarudi kabla ya jua kuzama.

Pistoni iliyoganda ndani ya silinda inahitaji subira zaidi. Bujia inafunguliwa, mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili yanamiminwa kwenye tundu, na mkweche unaachwa ulowe. Kesho yake unawekwa gia ya juu kabisa, gurudumu la nyuma linasukumwa mbele na nyuma polepole. Mwenye haraka hupiga nyundo, na mwenye nyundo hununua pistoni mpya. Ikibidi silinda kuchongwa, huchongwa kwa hatua za robo milimita, na kwa injini nyingi pistoni za akiba huishia milimita moja juu ya kipimo cha kiwandani. Kwa hiyo mkweche unaweza kufa na kufufuka mara nne kabla ya kudai silinda nyingine. Mfalme gani alipewa fursa hiyo?

Fundi wa kukereza vyuma anategemea umeme, na umeme wa bwawa la mto Tshopo una tabia ya kwenda zake. Hapo mkweche unafundisha ratiba. Umeme ukiwapo, kuchonga na kuchomelea. Umeme ukikosa, kabureta: jeti yake ina tundu dogo kuliko ncha ya pini, na husafishwa kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, si wa chuma, kwa sababu chuma hukwangua na tundu likishapanuka injini inakunywa bila kushiba. Mvua ikinyesha, fundi anaingia ndani kukata gasketi kutoka kwenye boksi la karatasi ngumu, akiigonga kwa kinyundo kuzunguka kingo mpaka umbo lijitokeze lenyewe. Robert Pirsig, katika kitabu chake cha mwaka 1974 Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, anaeleza jinsi mwenye BMW alivyochukizwa alipoambiwa usukani wake unaolegea ungekazwa kwa kipande cha kopo la bia. Bwana yule angekaa Mangobo wiki moja tu, angeondoka na kopo mfukoni.

Wenye hesabu watasema: mkweche unamaliza fedha. Jumlisha pistoni, pine, kebo, betri, siku za fundi, na mwisho wa yote umelipa karibu bei ya pikipiki mpya, nawe huna pikipiki mpya. Hesabu hiyo ni sahihi, na haina maana yoyote. Pikipiki mpya inataka fedha kwa mkupuo, tena kwa dola. Mwalimu au muuza samaki wa Kisangani haoni mkupuo. Anaona franki za leo na za kesho, na kati yake na kesho kuna ada ya shule, homa ya mtoto na msiba wa ukoo. Likelemba, ule mchango wa kupokezana, husaidia, lakini likelemba ina zamu, na zamu ikifika tayari ina wenyewe. Mkweche hauna zamu. Unapokea kebo ya klachi leo, bujia baada ya mwezi, taa ya mbele mwakani. Hautozi riba. Hautumi mtu wa kudai. Ni taasisi ya mikopo pekee mjini ambayo mteja wake akikwama haipati hasara ila inaota majani tu.

Mafuta nayo hununuliwa kwa mtindo uleule: kadhafi, yaani muuza mafuta wa kando ya barabara, anapima petroli kwa chupa, na mkweche, tofauti na gari, haumfedheheshi mtu anayenunua chupa moja.

Fadhila ndogo ndogo ni nyingi mno. Mwizi anauheshimu, kwa kuwa hata yeye hapendi kusukuma. Shemeji haji kuuazima. Mwenye mkweche hujulikana na mtaa mzima, maana katika kila kona kuna mtu aliyewahi kumsukuma, na anayekusukuma mara tatu ameshakuwa ndugu. Fundi humfariji kwa Kiswahili cha mjini kwao: "Papa, hii moto itapona, unipatie tu siku mbili." Siku mbili hizo hazimo katika kalenda yoyote, lakini daktari hodari naye husema vivyo hivyo.

Zaidi ya hayo mkweche una mahali pake katika historia ya uchukuzi wa mji. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, mto ulipofungwa na petroli kuwa adimu, Kisangani ilibebwa na toleka, baiskeli zenye kiti cha abiria nyuma. Vijana waliokanyaga pedali zile waliziunga fremu, wakazishonea pine, wakazibadilisha spoki kwa fedha ya siku ile ile. Pikipiki za China na India zilipoijaza mitaa baadaye, ujuzi wa kuunga ulikuwa tayari umeshakaa mikononi. Hili ndilo wageni wasilolielewa wanapoona garaji ya chini ya mwembe, yenye spana chache na kopo la misumari, ikifungua giaboksi yote na kuifunga bila kubaki nati.

Mahali pamoja tu sifa zinakoma: breki. Gasketi ya boksi ikivuja, mtu anachelewa kazini; lainingi ya breki ikiisha mbele ya lori la mbao, hachelewi tena popote. Vivyo hivyo spoki zilizoliwa na kutu na pine iliyoonyesha nyuzi. Wapo mafundi wanaofunga gurudumu la nyuma kwa waya na kuliita zima, na kwa hilo hakuna utani wa kuwafunika. Aliye na fedha kidogo azimalizie kwanza kwenye magurudumu na breki, halafu injini, rangi mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume: tangi linang'aa jekundu wakati kanyagio la breki linagusa ardhi.

Anayetaka kununua mkweche wiki hii, basi, aulize kwanza karte roze, yaani hati ya usajili, ailinganishe na namba iliyogongwa kwenye fremu, na kama namba imesuguliwa aage kwa heshima aende zake. Kisha akanyage kiki. Ikikataa kushuka, pistoni imeganda, apunguze bei. Ikishuka laini bila kupinga, mgandamizo umekwisha, apunguze zaidi. Kama anaishi Lubunga, ng'ambo ya mto, asitoe fedha zote kwa muuzaji: abakize nauli ya mtumbwi ya kuwavusha wawili.