Edwinolojia ya Bonde la Ufa: Mhadhara wa Utangulizi

Edwinolojia, yaani taaluma inayochunguza maisha ya mwigizaji wa Marekani Edwina Booth kwa kuzingatia hasa mahali ambapo hakukaa, ni tawi changa la elimu ambalo mtaalamu wake mkuu, na kwa sasa wa pekee, anaishi Nakuru, mbali kiasi cha kutosha na Chuo Kikuu cha Egerton ili asisumbuliwe na maoni ya wasomi waliosajiliwa.

Nguzo ya taaluma hii ni mwaka wa 1904. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliitangaza Nakuru kuwa mji, na mwezi wa Septemba mwaka uo huo, huko Provo katika jimbo la Utah, akazaliwa Josephine Constance Woodruff, ambaye ulimwengu wa sinema ungemjua baadaye kwa jina la Edwina Booth. Wasio na mafunzo huona hapo mambo mawili yasiyojuana. Mtaalamu huona mapacha, na ameyaeleza hayo mara nyingi katika vibanda vya chai vya karibu na stendi, mbele ya hadhira iliyokuwa ikisubiri matatu ijae.

Mnamo 1929 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilimtuma Afrika Mashariki mwongozaji W. S. Van Dyke (mwongozaji ni yule anayeamuru wenzake waonekane hatarini, naye akibaki upande wa nyuma wa kamera) ili atengeneze filamu ya Trader Horn, iliyotokana na kitabu cha 1927 cha kumbukumbu za mfanyabiashara mzee. Msafara uliteremka Mombasa, ukafika Nairobi, na hatimaye ukapiga picha hadi kwenye Maporomoko ya Murchison nchini Uganda, mahali ambapo mto Naili hujibana katika ufa wa miamba wenye upana wa mita saba hivi kabla ya kuporomoka. Sasa, reli ya kwenda Ziwa Victoria, iliyokamilika 1901, ilipita Nakuru, na ile ya Eldoret, iliyofika huko 1924, ilichipukia hapo hapo Nakuru. Kwa hiyo, kwa mujibu wa mantiki, ambayo ni elimu ya kufikia jawabu bila kuulizia watu, abiria yeyote wa garimoshi aliyetoka Nairobi kwenda magharibi alisimama Nakuru apende asipende. Kwamba jengo la sasa la stesheni lilifunguliwa miaka ya 1950, na kwamba benchi ambalo mtaalamu huwaonyesha wageni limo ndani ya jengo hilo, si pingamizi linalostahili kujibiwa.

Hapa ndipo nadharia kuu inapozaliwa: maisha ya usanii ya Edwina yalikuwa mafupi kwa sababu hakushuka. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake humlazimisha hata muuza mayai ya kuchemsha kuvaa sweta mbili na kuikumbatia ndoo yake, ilhali kule kando ya Naili mwigizaji huyu alipatwa na maradhi ya nchi za joto yaliyomwandama kwa miaka. Inafaa kutaja kwa kupita tu, maana halihusiani na mada, kwamba alicheza Nina, binti wa mmishonari aliyefanywa mungu wa kizungu, na kwamba kwa sababu hiyo alifanya kazi juani na katikati ya wadudu akiwa amevishwa nguo chache mno, huku Harry Carey na Duncan Renaldo, wanaume wa filamu hiyo hiyo, wakivaa mashati na kofia. Mtaalamu amelipima jambo hilo la mavazi kwa makini na kuamua kwamba kosa ni la mwinuko wa ardhi.

Filamu ilitoka 1931, ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu bora, na haikupata. Edwina akacheza katika filamu chache zaidi, zikiwemo za mfululizo, ambazo ni hadithi zilizokatwa vipande ili mtazamaji alipe kiingilio wiki baada ya wiki, na baada ya 1932 hakuonekana tena. Aliishtaki kampuni akidai zaidi ya dola milioni moja. Pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Uvumi ulimwua mara kadhaa, lakini yeye aliendelea kuishi, akalitumikia kanisa lake la Wamormoni, na akafariki 1991 akiwa na umri wa miaka 86, jambo ambalo linaitia nadharia doa dogo, kwa kuwa wapo wakazi wengi wa Nakuru ambao hawakufika umri huo na hali walishuka.

Wapo wachokozi wanaouliza kwa nini hakuna taaluma ya Mutia Omoolu, Mwafrika aliyecheza Renchoro, mmoja wa wahusika wakuu wa filamu hiyo, akavushwa bahari hadi California ili picha zimaliziwe, na ambaye maisha yake ya sinema yalikuwa mafupi kuliko ya Edwina bila mtu kuyaita msiba. Swali hilo limetengewa mhadhara wa pili, ambao tarehe yake haijatangazwa kwa sababu ukumbi bado haujalipiwa.