Shangazi Anauliza: Nikija Toronto Nichanjwe Nini?

Kila nikitaka kwenda Tanga, kliniki ya wasafiri hapa Toronto hunidunga sindano, hunipa vidonge vya malaria na karatasi ya maonyo ndefu kama hati ya mashtaka. Shangazi aliposikia habari hiyo kwenye simu alinuna kidogo, kisha akauliza swali la haki: "Na mimi nikija huko, nichanjwe nini?" Nikamjibu kwamba huku kuna baridi. "Baridi ndiyo inaua vijidudu?" Hapo nikashikwa. Nikampangia orodha, kutoka mnyonge hadi mbabe. Maneno yake nimeyaacha kama alivyoyasema, isipokuwa mawili matatu yasiyochapika.

7. Kupe wa Rouge

Karibu na ninapokaa, Scarborough, kuna mbuga ya Rouge: miti, mto, kulungu, na kupe mwenye miguu myeusi ambaye mchanga wake hazidi punje ya ufuta. Anabeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Mara nyingi huanza na wekundu unaotanuka kwenye ngozi. Ukipuuzwa, ugonjwa huhamia kwenye viungo, neva, hata moyo.

Shangazi: "Kupe namjua, nimefuga ng'ombe. Mwingine."

6. E. koli wa ufukweni

Kiangazi watu hujaa fukwe za Ziwa Ontario, na idara ya afya hupima maji. E. koli wakizidi 100 katika mililita 100, tangazo linatoka: msiogelee. Wengi wa bakteria hao ni wapangaji watulivu wa matumbo yetu. Wakionekana ziwani, maana yake choo nacho kimefika ziwani. Sehemu za zamani za jiji, maji ya mvua na ya vyooni hupita bomba moja, na mvua ikizidi bomba hutapika. Ushauri ni kungoja siku mbili.

"Yaani mvua ikinyesha bahari yenu inafungwa?"

Ziwa, Shangazi.

"Ndiyo hiyo hiyo."

5. Baga ya maonyesho

CNE ni Sabasaba ya Toronto, ila huwa Agosti. Mwaka 2013 kivutio kilikuwa baga ambayo mkate wake ni mseto wa kruasani na donati, na ndani yake jamu ya nyama ya nguruwe na sharubati ya mti wa mepo. Zaidi ya watu 200 waliugua. Mkosaji alipatikana kwenye jamu: sumu ya stafilokokasi, bakteria anayeishi kwa amani puani mwa karibu theluthi moja ya watu wazima wa afya. Akiangukia chakula kisichohifadhiwa kwenye ubaridi, anatoa sumu, na sumu hiyo haiogopi moto. Ukichemsha unamuua mpishi, chakula chake kinabaki. Baada ya saa chache tu unatapika.

"Andazi, baga, nguruwe na jamu kwa mpigo? Hapo mwenye akili alikuwa bakteria."

4. Listeria, mpenda friji

Huyu ndiye aliyemvunja Shangazi moyo na ile nadharia ya baridi. Kwenye nyuzi 4, wenzake wakisinzia, listeria anaendelea kuzaana polepole. Mwaka 2008 alijificha ndani kabisa ya mashine za kukatia nyama katika kiwanda cha Maple Leaf Foods hapa Toronto, mahali ambapo usafi wa kila siku haukufika. Nyama ikatoka imefungwa vizuri, ikapelekwa mpaka hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Zaidi ya watu 20 walikufa nchini, wengi wao wazee. Listeria hupenya ukuta wa utumbo, akaingia damuni, akafika ubongoni. Kwa mjamzito humfikia hata mtoto tumboni.

"Nguruwe tena. Sisi tumesalimika."

Nikamwambia kwamba kwenye orodha ya nyama zilizorudishwa ya ng'ombe ilikuwemo. Kimya.

"Basi chinjeni wenyewe."

3. Umande wa kiyoyozi

Mwishoni mwa Septemba 2005, wazee wa Seven Oaks, nyumba ya kutunzia wazee huku Scarborough, walianza kukohoa na kuchemka homa. Vipimo vya kwanza havikuonyesha kitu. Jibu lilipatikana Oktoba, kwenye mapafu ya marehemu: lejionela. Walikufa 23.

Hapa jengo lenyewe liligeuka adui. Lejionela huishi kwenye maji ya uvuguvugu, ndani ya amiba. Mnara wa kupozea hewa unamrusha kama umande, na umande unavutwa. Mapafuni, seli za ulinzi humeza kila mgeni, lakini huyu kumezwa amekuzoea tangu kwenye amiba. Anazaana humo humo mpaka askari anapasuka. Hapiti kutoka mtu hadi mtu. Hewa yenyewe inamtosha.

Shangazi hakutania. "Wazee wa watu, walitafutiwa hewa safi." Kisha: "Mimi panka langu linanitosha."

2. Homa ya matumbo

Mwanzoni mwa karne iliyopita Toronto ilichota maji ya kunywa Ziwa Ontario na kumwaga maji taka Ziwa Ontario. Hesabu ifanye mwenyewe. Daktari Charles Hastings, aliyemzika binti yake kwa homa ya matumbo iliyotoka kwenye maziwa, alishika uganga mkuu wa jiji mwaka 1910. Mwaka huo maji yakaanza kutiwa klorini, naye akapigania maziwa yapashwe moto kabla ya kuuzwa mpaka akashinda. Mwaka 1941 likafunguliwa jengo la R.C. Harris la kusafishia maji, zuri hivi kwamba wenyeji huliita kasri.

"Maji yanakaa kasri, na wewe umepanga besimenti?"

1. SARS

Februari 2003 mkazi mmoja wa Scarborough alirudi kutoka Hong Kong, ambako alilala hoteli ya Metropole wakati mmoja na daktari mgonjwa kutoka Guangdong. Akafia nyumbani. Mwanawe akapelekwa hospitali, akakaa saa nyingi kwenye idara ya dharura, pazia tu likimtenga na wengine. Kutoka pale virusi vikaenea. Kanada ilihesabu wagonjwa 438 na vifo 44, na miongoni mwa waliokufa ni wauguzi wawili na daktari mmoja. Mei, watu walipoanza kulegeza ulinzi, vikarudi. Julai jiji likajipa moyo kwa tamasha la Rolling Stones pale Downsview, watu laki nne na ushei.

Lakini Shangazi aling'ang'ania sentensi moja: kwamba tarehe 23 Aprili Shirika la Afya Duniani liliwashauri wasafiri waahirishe safari zisizo za lazima za Toronto.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Yaani mwaka ule sisi wa Tanga ndio tulioambiwa tusije kwenu, kuna maradhi?"

Ndiyo, Shangazi.

Alicheka mpaka vocha ikaisha.