Namna ya Kuchenjua Kiingereza Kutoka Shinyanga

Kazi hii haihitaji leseni, na hushuki duarani kwa kamba. Inahitaji vizibo tisa vya soda, kalamu ya wino mzito na kivuli cha kukalia. Andika herufi za jina la mji, moja kwa kila kizibo: S, H, I, N, Y, A, N, G, A. Huo ndio mzigo wako wa mawe. Kiingereza kimo humo, na ni kingi.

Sheria ni chache. Neno liwe na herufi tatu au zaidi, herufi itumike mara zile tu inazoonekana kwenye jina, na majina ya watu hayahesabiwi.

Kikwazo cha kwanza ni macho yetu wenyewe. Sisi tuliofundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu hatuoni herufi, tunaona silabi: shi-nya-nga, mapande matatu yaliyoshikana kama mwamba. Ukiyakodolea hivyohivyo mpaka jua lizame, utapata "shiny" peke yake, maana hilo limekaa juujuu, mwanzoni kabisa mwa jina, kama punje iliyooshwa na mvua. Maana yake ni chenye kung'aa, na kwa mkoa wa almasi sitaki kuamini kwamba ni bahati tu. Ila yaliyobaki hayatoki bila karasha. Vuruga vizibo, vipange mduara, N iachane na Y, na N ya pili iachane na G. Silabi ikishavunjika, maneno huanza kutoka.

Tafuta mikia kwanza. Kiingereza hupenda kumalizia vitenzi kwa -ing, na Shinyanga ina I, N na G. Zishike hizo tatu, tanguliza S: "sing", imba. Ingiza A na Y katikati: "saying", kusema. Rudi kwenye "sing", ondoa I uweke A: "sang". Kitenzi kimeingia wakati uliopita kwa kizibo kimoja tu kubadilishana na kingine, na mtoto ameliona kwa vidole vyake jambo ambalo ubaoni humchosha. Endelea: "gain", faida; ongeza A mbele, "again", tena. "Gnash", kusaga meno. Chini kabisa ya shimo utaikuta "angina", yale maumivu ya kifua ya moyo uliopungukiwa damu.

Sasa pima pa kuchimba, kwani si kila jina lina mali. Kiswahili kinaishi kwa A, Kiingereza kinaishi kwa E. Geita ina herufi tano tu, lakini E na T zimo, kwa hiyo inatoa: eat, tea, tie, get, age, tag, gate, gait. Tinde, pale njia panda ya kwenda Kahama na Shinyanga, inaizidi: tin, ten, net, tend, dent, dine, tide, diet, edit. Msafiri anayesubiri gari hapo amekalia utajiri.

Kahama ilinitesa. A tatu, K, H na M. Nikapata "ham", nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, nikapata "aha", nikataka kufunga mgodi. Lakini mchenjuaji hatupi marudio. Mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni bado una dhahabu ambayo zebaki haikuikamata, ndiyo maana wenye mitambo huununua. Nikairudia Kahama, na herufi zote sita zikakaa pamoja: "hakama", vazi la Kijapani la marinda, pana kama suruali ya bwanga, ambalo kamusi kubwa za Kiingereza zimelipokea. Niliruka kutoka kitini.

Bidhaa nazo zichimbwe. Dhahabu inakatisha tamaa: bad, had, hub, bud, basi. Almasi ndiyo ajabu. Zigeuze herufi zake zote sita bila kubakiza hata moja, utapata "salami", ile soseji ya Kiitaliano.

Halafu kuna Z. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo wa Scrabble katika miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili ajue ipi ni adimu. E akaipa vipande 12 vya pointi moja moja. Z akaipa kipande kimoja, pointi 10. Huku kwetu Z zimetapakaa barabarani: Nzega, Maganzo, Buzwagi. Maganzo ina "mango" na "among", na ukiiponda sawasawa inatoa "amazon", mwanamke shujaa wa ngano za Wayunani.

Ninayasema haya kwa sababu ya mpwa wangu. Katika shule za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza kinamkabidhi baiolojia, fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Mpwa wangu aliacha kunyoosha mkono darasani, yeye aliyekuwa msemaji wa nyumba nzima. Jioni moja kwenye vizibo akapiga kelele: "Mjomba, 'gaze' ni kutazama, si ndiyo? Nimeitoa Nzega!" Hakuwa ameulizwa. Tangu siku hiyo vizibo haviishi mfukoni mwangu.

Kazi anayohangaika nayo sasa ni Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na ambako mwaka 1947 lilitoka jiwe la waridi la karati 54.5 alilopewa Princess Elizabeth alipoolewa. Mwadui inatoa mud, maid na amid. Yeye anataka "diamond", almasi yenyewe. D, I, A na M zimo tayari. O na N amezichukua jirani, Maganzo. Imebaki D ya pili, nayo iko Tinde. Ameshachukua kizibo.