Namna ya Kuitoa Orodha Dirishani bila Kuiangusha Programu

Tuseme shangazi ana duka Langoni, mjini Lamu, anauza vifaa vya majahazi: misumari, kamba, pamba ya kalafati, mafuta ya sifa ya kupaka mbao. Bidhaa zote zimo katika programu kongwe ya Windows. Orodha anaiona kwenye skrini, ila kitufe cha kuitoa hakuna. "Mwanangu," anakwambia, "nihamishie haya kwenye Excel. Mkono umechoka kunakili." Orodha ni mali yake, kwa hiyo kumtolea ni kumpa haki yake. Haya, fungua Python, ukae kitako.

1. Ijue orodha unayoiendea. Kila dirisha la Windows, hata kitufe kidogo, lina jina la aina yake. Unalolitaka wewe ni SysListView32. Ukikuta jina jingine, usilazimishe: huenda mtengenezaji alijichorea orodha yake mwenyewe, na ujumbe utakaoutuma hautajibiwa.

2. Anza na swali jepesi. Tuma kwa SendMessage ujumbe namba 4100, unaouliza idadi ya safu. Hauhitaji pointa yoyote, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu; jibu ni namba tupu. Iandike namba hiyo pembeni, utaihitaji mwisho.

3. Sasa acha papara. Ujumbe namba 4211 ndio unaoomba maandishi ya safu, nao unataka pointa ya muundo uitwao LVITEM. Ndani ya muundo huo mna pointa nyingine, inayoonyesha mahali pa kuyaweka maandishi. Wengi huunda LVITEM ndani ya Python, wakatuma anwani yake, na programu ya mwenye duka ikafa mbele ya wateja. Windows huipa kila programu kumbukumbu yake peke yake, hivyo anwani ya programu moja haina maana katika nyingine. Mwambie mtu aliye mtaani Mkomani, hapo Lamu, "nyumba ya tatu kulia ukitoka msikitini", atafika. Mwambie maneno hayo hayo mtu aliye mbali, kule Siyu, naye atahesabu nyumba tatu na kubisha hodi kwa watu wasiokujua. Ujumbe wa mfumo wenye namba iliyo chini ya 1024, Windows hukusafirishia yaliyomo. Ujumbe wa orodha huanzia 4096, kwa hiyo mzigo ni wako.

4. Omba nafasi upande wa pili. Fungua programu ya duka kwa OpenProcess, kisha kwa VirtualAllocEx utengewe kumbukumbu ndani yake, ya kutosha muundo pamoja na maandishi. Andika LVITEM humo kwa WriteProcessMemory. Pointa ya ndani nayo ielekee humo humo. Hapa ndipo wajanja huteleza: huhamisha muundo, wakaisahau pointa iliyomo tumboni mwake.

5. Pima kabla ya kukata. Katika programu ya biti 32, pointa ya maandishi hukaa baiti ya 20 tangu mwanzo wa muundo. Katika ya biti 64 hukaa baiti ya 24, kwa kuwa baiti 4 huachwa wazi mbele yake. Kinachohesabika ni biti za programu unayoisoma. Python yako ya biti 64 ikiisoma programu kongwe ya biti 32, jenga muundo kwa kipimo cha mwenyeji.

6. Itaje kila aina. Moduli ya ctypes, iliyoingia Python 2.5 mwaka 2006, usipoiambia kitu huchukulia kuwa kila jibu ni namba ya biti 32. Anwani ndefu itakatwa kichwa, nawe utakesha ukitafuta kosa mahali lisipokuwapo. Jaza argtypes na restype za kila kazi unayoiita, bila kubakiza hata moja.

7. Soma muundo upya. Jibu likirudi, usikimbilie nafasi uliyotenga. Orodha ina ruhusa ya kubadilisha pointa ielekee kwenye maandishi yake yenyewe. Kwa ReadProcessMemory soma LVITEM kwanza, kisha ufuate pointa uliyoikuta humo. Safu huhesabiwa kuanzia sifuri, na safuwima vivyo hivyo.

8. Ondoka kwa adabu. Rudisha kumbukumbu kwa VirtualFreeEx, ufunge ulichofungua. Omba nafasi mara moja tu, uitumie kwa safu zote. Ukiomba upya kila safu bila kurudisha, kompyuta itaanza kukokota miguu, na lawama itakuwa yako kwa haki.

9. Hakiki pamoja na mwenye mali. Idadi ya safu ulizoziandika kwenye faili la Excel ilingane na ile namba uliyoandika pembeni. Kisha keti na shangazi, mlinganishe skrini na faili: kamba kwa kamba, bei kwa bei. Anayeijua bidhaa ni yeye, na jicho lake litaona kosa ambalo skripti yako haiwezi kuliona.

Faili ukishamkabidhi, mwachie na skripti pia, na maelezo yake kwa Kiswahili. Na siku akinunua programu mpya, swali la kwanza kwa muuzaji, kabla ya bei, liwe hili: orodha yangu nitaitoaje?