Asanteni kwa Kutukimbilia

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Bonanza la Siku ya Figo,
Hospitali yetu (jina nalihifadhi, maana Jumanne kuna sindano mbili zinanisubiri humo).

YAH: SHUKRANI KWA MAZOEZI MLIYOTUFANYIA

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mgonjwa wa figo, zamu ya asubuhi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Naandika kwa niaba ya wenzangu wa chumba cha mashine za kusafisha damu kuishukuru kamati yako kwa bonanza la Machi ambalo, kwa mujibu wa maandishi ya mgongoni mwa fulana, lilikuwa la kukimbia kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Itifaki ilizingatiwa. Matarumbeta yalipigwa, gari la wagonjwa lilitangulia msafara likiwa halina mgonjwa, na mgeni rasmi alikimbia mpaka kwenye kona walipokuwa wapiga picha, kisha akapanda gari. Tumeambiwa mazoezi yalifana.

Tumeambiwa, kwa sababu hatukuwepo. Siku ya Figo Duniani huangukia Alhamisi ya pili ya Machi, na Alhamisi sisi tupo kwenye mashine. Kamati kwa busara yake ikasogeza bonanza hadi Jumamosi ili watumishi wapate nafasi, na Jumamosi pia tupo kwenye mashine. Serikali nayo ilishatangaza, mwishoni mwa 2016, kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa Taifa zima. Hatumlaumu mtu. Ila barabara ilifungwa tangu saa kumi na mbili alfajiri ili mpate kutukimbilia vizuri, bajaji zikazuiwa, na sisi tunaokimbiliwa tukateremshwa mbali na geti. Mama mmoja wa zamu yetu, aliyekuwa amejaa maji mpaka viatu haviingii, alisimama katikati ya lami kutafuta pumzi. Askari akamwambia: "Mama, pisha wanariadha." Nadhani ndiye mgonjwa pekee aliyeshiriki bonanza mwaka huu, na hakupewa hata medali.

Nieleze kidogo, kwa faida ya wajumbe ambao hawajabahatika kufika chumbani kwetu. Mashine ni saa 4, mara 3 kwa wiki, kwa yule ambaye bima yake iko hai. Ambaye haiko huja mara mbili, au huja ndugu wakishachanga. Saa zote hizo umelala, mkono wenye fistula (mshipa wa kuchomwa sindano) umenyooshwa na haukunjwi. Ukirudi nyumbani umechoka, unalala tena. Kesho yake unajisikia nafuu lakini unaogopa kujichosha, kwa hiyo unakaa. Damu ni pungufu, hamu ya chakula hakuna, na nyama za mapaja zinakwisha taratibu bila kukuaga, mpaka siku unajikuta huwezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Watu hudhani figo ndiyo inayomfanya mgonjwa aache kwenda sokoni, msikitini au kanisani. Figo mashine inajitahidi kuisaidia. Kinachomfungia mtu ndani ni miguu.

Wenzetu wameliona hilo. Ujerumani kuna utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika katika vituo 21, ambapo wagonjwa walifanyishwa mazoezi wakiwa palepale kwenye mashine kwa mwaka mzima. Kipimo chao hakikuwa mbio. Walihesabu mtu anaweza kusimama na kukaa kwenye kiti mara ngapi kwa sekunde 60. Waliofanya mazoezi walipanda kutoka wastani wa mara 16 hadi 19, na walioachwa kama sisi wakashuka chini ya 15. Italia hata kifaa cha mazoezi hawakutaka. Katika utafiti wao wa 2017 uliokuwa na wagonjwa 296, waliopangiwa mazoezi waliambiwa watembee nyumbani dakika 10, mara mbili kwa siku, siku zisizo za mashine. Baada ya miezi 6, mtu aliyekuwa akitembea mita 328 kwa dakika 6 alifikisha mita 367. Dakika 10, Mwenyekiti. Hotuba ya kumkaribisha anayemkaribisha mgeni rasmi ilizidi hapo.

Upo pia utafiti wa Uingereza ambao, baada ya miezi 6 ya mazoezi kwenye mashine, haukuona wagonjwa wakiyaona maisha yao kuwa bora zaidi. Nautaja mwenyewe ili mjumbe atakayeuokota asihangaike kuukimbiza kwenye kikao. Humo vipindi vingi vilivyopangwa havikufanyika, jambo ambalo kamati yetu ina uzoefu nalo.

Kifaa cha kufanyia mazoezi kwenye mashine wala hakitishi. Ni pedali mbili kwenye fremu ya chuma, kinawekwa miguuni pa kitanda au mbele ya kiti, mgonjwa anapiga pedali huku damu yake ikizunguka. Mkono wa fistula unabaki umetulia, miguu ndiyo inayofanya kazi. Mazoezi hufanyika saa 2 za mwanzo, kwa sababu baadaye mashine ikishavuta maji mengi presha hushuka, na hapo hata ukitulipa hatupigi. Anatakiwa awepo mtaalamu wa viungo anayejua kumpima mtu kwanza, na kumwambia aliyekuja na presha juu, kifua kinachouma au kilo nyingi za maji kwamba leo apumzike. Basi.

Muuguzi wetu mkuu aliandika kuomba kifaa hicho. Idara ya viungo ilijibu kwamba wagonjwa wa mashine ni wa idara ya figo. Idara ya figo ikajibu kwamba mazoezi ni ya idara ya viungo. Uhasibu ukasema hakuna kasma. Utawala, baada ya kulitafakari jambo kwa kina, ukasema mazoezi ya wagonjwa wa figo yana kamati yake tayari, nayo ni yenu.

Kuhusu kasma nina neno. Mwaka 1943 daktari Willem Kolff, katika mji wa Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Hitler na vitu vyote vikiwa adimu, alitengeneza figo ya mashine kwa pipa la mbao lililozungushiwa maganda ya soseji ya selofani. Hakusubiri upembuzi yakinifu. Sisi hatuombi figo, tunaombea miguu. Pale eneo la Gerezani nimeongea na fundi wa kuchomelea, akanitazama, akauliza kama ni baiskeli isiyo na magurudumu wala kiti, na kama tutaleta pedali wenyewe. Hakuna alichouliza kingine.

Lakini kama kamati inaona ni rahisi zaidi kuendelea kufanya mazoezi kwa niaba yetu, tumekaa na kuona si haki kuwapa jukumu moja tu. Tunapendekeza mgawanyo ufuatao.

Mweka hazina aone kiu kwa niaba yetu. Kwa joto hili la Machi, vyote anavyokunywa kutwa visizidi lita moja, na humo ahesabu chai, uji, mchuzi na maji ya kumezea dawa. Akipita kwenye mkokoteni wa madafu ageuze uso, maana potasiamu iliyomo inaweza kusimamisha moyo wa mtu asiye na figo. Katibu ale kwa niaba yetu: mchicha uchemshwe, maji yamwagwe, ndipo uungwe; ndizi, maembe na maharage avitazame wageni wakila. Mjumbe wa itifaki apokee sindano, mbili kila zamu, na asijidanganye kwamba ni kama za chanjo. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, tumekuheshimu kwa kukuachia ile saa ya nne ya mashine, vigimbi vinapokakamaa na huwezi kuinuka kuvinyoosha. Mgeni rasmi tumemwacha apumzike. Alikimbia mpaka kwenye kona.

Mkiona mgawanyo huu ni mzito, lipo ombi mbadala. Mwakani bonanza lifanyike chumbani kwetu, zamu ya Jumamosi, kabla hatujaunganishwa. Mchezo uwe mmoja, kusimama na kukaa kwa sekunde 60, wajumbe wakipambana na wagonjwa. Mtashinda, hilo sina wasiwasi nalo. Mkishashinda, wataalamu wenu watuhesabie, na mtaiona namba yetu. Mwaka unaofuata mrudi mhesabu tena.

Kuhusu gharama, fulana zilizobaki kwenye maboksi baada ya bonanza sasa zinapigia deki korido ya chumba chetu. Ni pamba nzuri, zinanyonya maji vizuri sana. Kamati ikichapisha pungufu kwa idadi hiyo tu, fundi ataanza kazi.



Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mgonjwa, kitanda cha tatu kutoka dirishani.

Nakala:
Idara ya figo – ipeleke idara ya viungo.
Idara ya viungo – irudishe idara ya figo.
Fundi wa kuchomelea, Gerezani – usichukue kazi nyingine kwanza.