Sifa za Dumu la Njano

Wapiga picha wa harusi na wahangaike na maharusi wao: kope zimedondoka, shela limechukuliwa na upepo, na shangazi kajipenyeza pembeni. Mimi mwanamitindo wangu nimeshampata. Hafumbi macho, hadai nauli, na ukimlaza juani mchana kutwa hanuni. Ni dumu la njano la lita 20, lile lililoingia nyumbani na mafuta ya kula. Mafuta yakaisha, lenyewe likabaki.

Wabaya wake nawajua. Watasema linavuja kwenye kitako. Watasema ndani lina utando wa kijani usiotoka mpaka ulitikise na kokoto, na kwamba likishaonja mafuta ya taa mara moja, maji yake yatanuka taa mpaka mwakani. Kizibo nacho hupotea mapema, likazibwa kwa gunzi la hindi. Yote kweli. Lakini lipige picha hilo gunzi kwa karibu, mwanga wa asubuhi ukitokea ubavuni, halafu niambie ni sultani gani aliyewahi kukaliwa vizuri hivyo na kilemba.

Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston aliiweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke, akatoa picha ambayo wengi huitazama wakaona kiwiliwili cha mtu. Hongera zake. Ila pilipili ilihitaji kuazimwa faneli. Dumu ukilikata shingo, lenyewe ni faneli, na kilichobaki chini unaoteshea mchicha.

Nimelipiga picha likiwa kwenye foleni ya bombani, limemshikia nafasi mwenyewe aliyerudi kulala, na hakuna aliyethubutu kulisogeza. Nimelipiga likiwa ngoma, likiwa goli, likiwa boya la kuwaonyesha wavuvi nyavu zao zilipo. Mdogo wake wa lita 5 nilimkuta nje ya choo, kafanywa kibuyu chirizi: katobolewa, kaning'inizwa, kamba imeshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu linainama kumnawisha, kwa adabu ambayo hoteli nyingi hazina. Jingine lilikuwa gari, magurudumu ya kandambili. Ilibidi nilale kifudifudi vumbini ili lipate ukubwa wa lori. Likapata, na dereva akaniuliza kama nimeumia.

Wakubwa walishaliona zamani. Romuald Hazoumè wa Benin aligeuza madumu 304 kuwa vinyago, akayapanga kama watumwa walivyolazwa ndani ya meli, na mwaka 2007 kazi hiyo ikaonyeshwa British Museum, London. Hapo hata mimi naacha mzaha.

Kikwazo changu ni kimoja. Maji yakitoka, mwanamitindo huitwa kazini pozi likiwa katikati, na anayemwita hataki kusikia habari za mwanga.